Mgonjwa Aliyejidhuru: Maswali ya Wahudumu wa Hospitali Mjini Moshi

Maswali haya hujitokeza kila tunapowafundisha wauguzi, matabibu na watumishi wa mapokezi hapa Moshi namna ya kumpokea mtu aliyejijeruhi au aliyekunywa kitu kwa makusudi.

Kujidhuru ni nini?

Ni mtu kujijeruhi, au kumeza sumu au dawa kupita kiasi, kwa kukusudia. Wapo wanaotaka kufa, wapo wanaotaka maumivu ya moyoni yatulie kwa muda, na wengi hawawezi kueleza kwa hakika walitaka nini. Kwa sababu hiyo, udogo wa jeraha si ushahidi kwamba hatari ni ndogo.

Nikimuuliza kama anawaza kujiua, je, sitampandikizia wazo hilo?

Hapana. Kila mara swali hili linapoulizwa jibu ni hilo hilo: hapana. Mtu aliyeletwa dharura akiwa amejidhuru amekwisha kuwaza mambo mazito kabla ya kukuona wewe, na tafiti zilizochunguza jambo hili hazikuonyesha kwamba kuulizwa kunamwongezea mtu nia ya kujiua. Mwongozo wa afya ya akili wa Shirika la Afya Duniani, uliotolewa mwaka 2010 kwa ajili ya wahudumu wasio mabingwa, unaelekeza swali hili liulizwe waziwazi. Kinachomweka mgonjwa hatarini ni kushonwa, kufungwa bandeji na kupewa tarehe ya kutoa nyuzi bila mtu hata mmoja kumuuliza kilichompata.

Mtafutie mahali penye faragha, waombe ndugu wasubiri nje kwa muda, uketi badala ya kumsimamia, kisha useme kwa upole: "Mdogo wangu, mtu akizidiwa na mambo wakati mwingine huona afadhali afe. Je, wewe umewahi kuwaza hivyo? Na leo unawaza hivyo?" Akikubali, endelea: ana mpango gani, anacho cha kutumia, nani yuko naye nyumbani, na ni nini kinachomfanya bado atake kuishi. Usiulize "Hukutaka kujiua, si ndiyo?", kwa kuwa mgonjwa husikia kwamba unamwomba akanushe, naye atakanusha ili akuridhishe.

Na akianza kulia baada ya kuulizwa?

Mwache alie, ukae naye. Hukumpandikizia wazo, umempa nafasi ya kulisema.

Wengine si wanatafuta tu kuonewa huruma?

Tunaomba kwa heshima zote kauli hii ikome wodini. Mtu anayefikia kujiumiza ili asikilizwe ni mtu ambaye njia nyingine zimemshinda, na aliyewahi kujidhuru yumo katika kundi lenye uwezekano mkubwa zaidi wa kufa kwa kujiua baadaye kuliko watu wengine. Kumsema mbele ya wagonjwa wenzake, kumwacha awe wa mwisho kwenye foleni, au kumshona bila ganzi "ili akome" ni ukatili. Matokeo yake tunayaona: safari nyingine hujificha nyumbani, au huletwa akiwa amechelewa mno.

Ndugu wanasema yuko sawa na wanataka kuondoka naye. Tumruhusu?

Hapana, si kabla ya kutathminiwa. Zipo dawa za kawaida za nyumbani zinazoharibu ini huku mgonjwa akionekana mzima kabisa kwa siku nzima au zaidi, na tiba yake hufanya kazi vizuri zaidi ikianza mapema. Kwa hiyo yeyote aliyemeza kitu aletwe hospitali saa hiyo hiyo, bila kungoja dalili, bila kunyweshwa maziwa na bila kulazimishwa kutapika, na chupa au pakiti iliyotumika iletwe pia. Familia inayongoja asubuhi "tuone atakavyoamka" inaupoteza muda ambao hautarudi.

Vipi kuhusu polisi?

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inalitaja jaribio la kujiua kuwa kosa, na hofu hiyo ndiyo inayozifanya familia nyingi kusema kwamba mgonjwa aliteleza au alikunywa kwa bahati mbaya. Fuateni utaratibu wa hospitali yenu kuhusu PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, lakini anayehitaji huduma ya dharura asikae benchi kungoja karatasi, na muuguzi asimhoji kama mpelelezi.

Ipo fomu ya alama ya kutuonyesha nani atarudia?

Fomu za namna hiyo zipo, ila zinakosea mara nyingi, na mwongozo wa kitaifa wa Uingereza wa mwaka 2022 unazuia kuzitumia kubashiri au kuamua nani apate msaada. Mazungumzo ya kina yanasaidia zaidi.

Akiruhusiwa, tufanye nini?

Andikeni pamoja naye dalili zinazomwonya kwamba anazidiwa, mambo yanayomtuliza, na watu wawili au watatu atakaowapigia simu. Kwa idhini yake, zungumzeni na familia kuhusu kuondoa vinavyoweza kumdhuru. Kwenye vihamba vyetu vya kahawa na migomba dawa za wadudu mara nyingi hukaa chini ya kitanda au jikoni. Zifungiwe stoo kwa kufuli na ufunguo ashike mtu mwingine, au zitolewe kabisa nyumbani. Si jambo dogo: Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu vikali zaidi, vifo vya kujiua nchini humo vilipungua sana. Baada ya hapo mpigieni simu au mtembeleeni kila wiki kwa miezi miwili ya mwanzo.

Kituo chetu hakina daktari wa afya ya akili. Je, tusubiri rufaa?

Rufaa ya kwenda Mawenzi au KCMC, au Mount Meru kwa walio Arusha, iandikwe pale inapohitajika, lakini kuuliza hakuhitaji bingwa. Muulizeni leo, na asiachwe peke yake ikiwa bado anataka kufa. Majibu yake yaandikwe kwenye faili kwa maneno yake mwenyewe na kusomwa wakati wa kukabidhiana zamu, ili muuguzi wa usiku ajue wa kukaa karibu naye.