Je, wajua kwa nini timu ya chuo Marekani ina wachezaji 105 ilhali uwanjani wanaingia 11 tu?

Kila Agosti, wiki chache kabla msimu wa futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani haujafunguliwa, mashabiki wa kule hubishana juu ya watu ambao kwa kipimo chetu hawapo kabisa. Nyota wa timu wanamtaja kwa kupita tu. Ubishi wenyewe uko kwa mchezaji wa tatu katika nafasi ya mlinzi wa katikati, mstari wa mbele: je, ana kilo za kutosha kumkabili yule wa chuo pinzani watakapokutana Novemba?

Sisi tuna neno la jambo hili. Mtangazaji akitaka kusema timu ina akiba nzuri, anasema ina kikosi kipana. Wamarekani hawasemi upana, wanasema kina, kama cha kisima. Kwa muda mrefu nilidhani hiyo ni tofauti ya lugha tu, na binamu yangu anayeishi Ohio aliponiuliza kama najua kwa nini timu ile inatoka vyumbani na watu zaidi ya mia, nilimjibu bila kusita: mchezo ule unavunja watu, kwa hiyo wanabeba spea. Alicheka mpaka akakata simu. Baadaye alinipigia, akaniambia nihesabu nani anaingia na nani anatoka katika robo ya kwanza peke yake, kabla mtu yeyote hajaumia. Nilihesabu, na nilipofika ishirini na kitu nikaacha.

Kosa langu linafaa kufunguliwa taratibu, kwa sababu nadhani si langu peke yangu. Mtu aliyelelewa na kandanda anabeba kichwani kanuni tatu ambazo hajawahi kuzihoji. Ya kwanza ni kwamba mabadiliko yana hesabu: Kombe la Dunia halikuruhusu mchezaji wa akiba hata mmoja mpaka 1970, kwa miaka mingi yakawa matatu, na matano yamekuja juzi tu, 2020, wakati wa korona. Ya pili ni kwamba akitoka hakuna kurudi. Ya tatu inazaliwa na hizo mbili: aliyeanza ndiye bora, na aliye benchi anangoja mwenzake achoke, aumie au aboronge. Ndiyo maana kwetu “yuko benchi” ni karibu na tusi.

Katika futiboli ya Kimarekani zote tatu hazipo. Mchezo unakwenda kwa mikupuo. Mpira unaanzishwa, watu wanagongana kwa sekunde tano hivi, filimbi inalia, kisha kila upande unajipanga upya. Katikati ya mkupuo mmoja na mwingine kocha anaweza kutoa mtu mmoja au wote 11, akaingiza wengine, halafu mkupuo unaofuata akawarudisha wale wa kwanza. Mchezaji mmoja anaweza kutoka na kurudi mara thelathini katika mechi moja na hakuna atakayemzomea. Hivyo swali la “nani anaanza” linamaanisha kidogo kuliko tunavyodhani. Lenye uzito zaidi ni “wanagawana vipi mikupuo sabini”. Makocha wenyewe wanalijua hilo na wanalichezea: kwenye orodha ya wachezaji wanayoitoa kabla ya mechi ya kwanza utakuta nafasi moja ina majina mawili au matatu, na katikati yake neno AU. Mashabiki wanaweza kulijadili hilo neno lenye herufi mbili kwa wiki nzima.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Zamani wachezaji walewale 11 walishambulia na kulinda. Mwaka 1941, vita vikinyemelea vijana wa vyuoni, kanuni za mabadiliko zililegezwa. Oktoba 1945 kocha wa Michigan, Fritz Crisler, akiwa na kikosi chenye vijana wengi wabichi dhidi ya timu ya jeshi iliyokuwa haishikiki, akagawa watu wake makundi mawili: hawa washambulie, wale walinde. Alifungwa 28 kwa 7, lakini wazo lilibaki. Mwaka 1953 wakubwa wa mchezo walilipiga marufuku, na mabadiliko huru yakarudi kikamilifu 1965. Siku hizi anayecheza pande zote mbili ni kioja. Travis Hunter wa Colorado alifanya hivyo msimu wa 2024 na akapewa tuzo ya Heisman, kubwa kuliko zote za mchezaji mmoja mmoja.

Sasa tuje penye utamu: kwa nini watoke hata kama hawajaumia?

Mtazame mlinzi wa mstari wa mbele. Ana kilo 130 au 140. Kila mkupuo anasukumana na mtu wa ukubwa wake, na wakati mwingine wawili, kisha anatakiwa achomoke na kumkimbilia mwenye mpira. Msuli unaofanya kazi ya namna hiyo hautegemei sana pumzi. Unatumia akiba ndogo iliyomo ndani yake, kemikali iitwayo fosfokreatini, ambayo kwa nguvu zote inaisha ndani ya sekunde zisizozidi kumi hivi. Hujijaza tena mtu akipumzika: sehemu kubwa inarudi ndani ya nusu dakika mpaka dakika moja, lakini kujaa kabisa kunataka dakika kadhaa.

Fikiria bafu la gesti lenye tenki la lita 20. Kila anayeoga anatumia lita 5, na kabla mwingine hajaingia bomba jembamba linarudisha lita 3. Wa kwanza anaoga vizuri, wa pili vizuri, wa tano hajaona tofauti yoyote. Lakini kila zamu tenki linapungua lita 2 kimyakimya. Wa nane anamaliza ikiwa imebaki lita moja chini. Wa tisa anakuta lita 4, na huyo ndiye atakayetoka na povu masikioni akimlaani mwenye gesti. Anayeangalia kwa nje atasema maji yamekatika ghafla, kumbe yalianza kukatika tangu mtu wa kwanza.

Timu pinzani ikishikilia mpira kwa mikupuo kumi na miwili mfululizo, walinzi wanafika kwa mtu wa tisa. Hapo ndipo unaona jitu lililokuwa likirusha watu robo ya kwanza likisukumwa nyuma kama mlango usio na kitasa. Dawa si tenki kubwa zaidi. Dawa ni tenki la pili: moja likitumika, jingine linajaa. Hii ndiyo sababu timu nzuri haiwi na walinzi wanne wa mbele, inakuwa na wanane au tisa wanaopokezana tangu dakika za mwanzo, kabla yeyote hajachoka. Waliowahi kuona vibarua wakishusha Fuso la saruji wanaijua siri hii. Genge linalopokezana kila mifuko kadhaa linamaliza kabla ya genge la wababe wanaobeba mpaka magoti yatetemeke, hata kama kila mbabe kwa nafsi yake ana nguvu zaidi.

(Mfano wa tenki usiubebe mbali sana. Msuli una vyanzo vingine vya nguvu, na uchovu una mambo ya kichwa na joto pia. Mechi ya mapema Septemba huko Florida si sawa na ya Novemba huko Wisconsin.)

Kinachonichekesha ni kwamba ng'ambo ya pili, mita moja tu kutoka kwa walinzi hao, wako watu watano wenye uzito uleule ambao hawabadilishwi kabisa. Hao ndio wanaomkinga kwotabeki, yule mgawa mipira. Wataanza pamoja na, Mungu akipenda, watamaliza pamoja. Sehemu ya sababu ni kazi yenyewe. Wao wanajua mpira utaanzishwa lini na mchezo unaelekea wapi, na mara nyingi wanasukuma ndani ya eneo dogo, wakati mlinzi anasubiri, anashtuka, anafukuza. Sababu nyingine ni mapatano. Kama umeona wanawake watatu wakitwanga kinu kimoja, kila mmoja na mchi wake, unaelewa. Hawaangaliani na hawahesabu kwa sauti, na michi haigongani. Ukimtoa mmoja ukaweka mwingine mwenye mikono ya chuma lakini asiyejua mwendo wao, nguvu zake ndizo zitakazopasua mchi. Watano hawa hupokezana adui bila kusema neno. Kwao mchezaji wa pili ni spea kweli, anaingia kwa dharura tu.

Kwa hiyo jibu langu kwa binamu halikuwa uongo mtupu. Lilikuwa sahihi kwa nafasi chache, na kwa kwotabeki kuliko zote. Huyo hapokezani na mtu. Lakini spea yake ikihitajika, historia inageuka. Mwaka 2014 Ohio State walimpoteza Braxton Miller kwa bega hata kabla msimu haujaanza. J.T. Barrett akashika usukani, akavunjika kifundo cha mguu katika mechi na Michigan mwishoni mwa Novemba. Akabaki wa tatu, Cardale Jones, ambaye alikuwa hajaanza mechi hata moja ya chuo. Mechi tatu alizoanza baada ya hapo zilikuwa fainali ya ligi yao dhidi ya Wisconsin (59 kwa 0), nusu fainali ya taifa dhidi ya Alabama (42 kwa 35), na fainali ya taifa dhidi ya Oregon (42 kwa 20). Miaka mitatu baadaye Alabama, wakiwa nyuma 13 kwa 0 wakati wa mapumziko ya fainali ya taifa, walimweka kando Jalen Hurts na kumwingiza kijana wa mwaka wa kwanza, Tua Tagovailoa. Wakashinda 26 kwa 23 katika muda wa nyongeza. Tangu hapo usimwambie shabiki wa Ohio au Alabama kwamba kumjadili mtu wa tatu ni kupoteza muda.

Kina hicho kina mlango mmoja wa kukiziba. Kanuni inasema timu inayoshambulia ikibadilisha watu, mwamuzi lazima awape wanaolinda nafasi ya kubadilisha pia. Isipobadilisha, haina deni hilo. Basi ukiwa na mpira, waache walewale 11, harakisha, anzisha mkupuo kabla jasho halijakauka, na tenki la pili la mpinzani litabaki limejaa pembeni ya uwanja likikodoa macho. Oregon walijijengea jina kwa mtindo huo. Mwaka 2014 lilitolewa pendekezo la kuwalazimisha washambuliaji wasubiri sekunde kumi ili walinzi wabadilishane. Lilizua zogo na halikupita. Walinzi wakabaki na mbinu ambayo sisi tuliozoea makipa wanaolala chini dakika ya 85 hatuhitaji kuelezwa: mtu anaanguka ghafla kwa mkakamao wa msuli. Tangu 2025, akianguka baada ya mpira kuwekwa tayari na daktari akalazimika kuingia, timu yake inapoteza moja ya yale mapumziko mafupi ambayo kila timu huruhusiwa kuyaomba katikati ya mchezo.

Kuhusu idadi yenyewe, hesabu ni hii kwa ufupi. Tangu 1994 vyuo vya daraja la juu viliruhusiwa kufadhili masomo ya wachezaji 85 wa futiboli, na waliozidi walijilipia ada, hivyo vikosi vingi vilipita mia. Mwaka 2025, baada ya makubaliano ya mahakamani, vyuo vilivyojiunga nayo vinaruhusiwa kufadhili wachezaji wote ila kikosi kisizidi 105. Nacho kinahitajika kuliko zamani: mchujo wa taifa ulipopanuliwa kuwa wa timu 12, Ohio State na Notre Dame walifika fainali ya msimu wa 2024 kila mmoja akicheza mechi yake ya 16. Wakati huohuo mfumo wa uhamisho ulioanza 2018 umetoboa kisima chenyewe, kwa maana kijana wa tatu hana tena sababu ya kungoja miaka mitatu. Anahamia kwingine akaanze.

Je, kina kinashinda mechi? Hapa niende polepole. Vyuo vyenye wachezaji bora wa tatu kwa kawaida ndivyo vyenye wachezaji bora wa kwanza, kwa hiyo ushindi wa robo ya nne ukiupa kina sifa zote unaweza kuwa unamsifu ndugu kwa kazi ya kaka yake. Na Septemba 1, 2007, Michigan, wa tano kwa ubora nchini, nyumbani kwao mbele ya watu zaidi ya laki moja, walifungwa 34 kwa 32 na Appalachian State, chuo cha daraja ambalo ufadhili wake uliishia 63.

Kosa langu la pili binamu halijui mpaka leo. Siku ile nilipokuwa nikihesabu, nilimwona namba 5 akidaka mpira upande wa mashambulizi, na dakika mbili baadaye namba 5 huyohuyo yuko kwenye ulinzi anamkwatua mtu. Nilimvulia kofia: huyu ndiye mwanamume, hachoki! Namba za jezi ni kuanzia 0 hadi 99, yaani mia moja tu, na kikosi kinazidi mia. Zinapoisha, watu wawili hupewa namba moja, mradi wasiingie uwanjani kwa pamoja.