Wasiwasi wa Kukaribia Miaka 30: Maswali na Majibu

Kwa nini wasiwasi huzidi mtu akifika miaka 28 au 29?

Mwili haugeuki usiku wa kuamkia miaka 30. Kinachogeuka ni hesabu: mtu huanza kujiuliza kazi iko wapi, mwenza yuko wapi, akiba iko wapi. Isitoshe, huu ndio umri ambao rika hutawanyika. Shuleni mlipanda darasa pamoja. Sasa mmoja ana watoto wawili, mwingine bado anasoma, mwingine amepandishwa cheo, mwingine amerudi kwa wazazi. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Leon Festinger alieleza kwamba mtu asipokuwa na kipimo cha wazi, hujipima kwa watu wanaofanana naye. Ndiyo maana mafanikio ya mtu wa miaka 50 hayakusumbui, ila ya yule mliyekaa dawati moja yanakunyima usingizi.

Mwanasaikolojia mwingine, Daniel Levinson, aliandika mwaka 1978 kuwa kati ya miaka 28 na 33 watu hurudi kuyapima upya maamuzi ya ujana wao. Alihoji wanaume 40 tu, wote wa Marekani, kwa hiyo yachukuliwe kama maelezo, si kanuni. Ila jambo moja alilonasa ni kweli kwa wengi: kuyumba katika umri huu si dalili kwamba umeharibikiwa.

Nitajuaje kama ni wasiwasi wa kawaida au ni ugonjwa?

Wasiwasi wa kawaida huja na kuondoka, na bado unakula, unafanya kazi, unacheka. Ugonjwa wa wasiwasi wa jumla hutambuliwa pale mtu anapohangaika kupita kiasi, siku nyingi zaidi ya anazopumzika, kwa miezi 6 au zaidi, hawezi kujizuia, na hali hiyo inavuruga maisha yake. Pamoja na hayo huwa na angalau dalili tatu kati ya hizi: kutotulia, kuchoka upesi, kushindwa kutuliza akili kwenye jambo moja, hasira za karibu, misuli kukaza (hasa shingo na mabega), na usingizi mbovu.

Wahudumu wengi wa afya hutumia dodoso la GAD-7. Lina maswali 7 kuhusu wiki mbili zilizopita: kuhisi wasiwasi, kushindwa kuuzuia, kuhangaikia mambo mengi mno, kushindwa kupumzika, kuhangaika hata kukaa kunakuwa shida, kukereka upesi, na kuogopa kwamba jambo baya litatokea. Kila swali lina alama 0 (haijatokea), 1 (siku kadhaa), 2 (zaidi ya nusu ya siku) au 3 (karibu kila siku). Jumla ikianzia 5 ni wasiwasi mdogo, 10 ni wa kati, 15 ni mkali. Ukifika 10, nenda ukaonwe. Dodoso halitoi jina la ugonjwa, linaonyesha tu nani achunguzwe zaidi.

Moyo unadunda na mikono inatetemeka. Nipime nini?

Usikubali kuambiwa "ni mawazo tu" kabla ya kupimwa. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huleta mapigo ya kasi, kutetemeka, kuhisi joto, na kupungua uzito ilhali unakula vizuri. Kipimo cha damu cha TSH huibaini. Upungufu wa damu nao huleta mapigo ya kasi na uchovu. Dawa za pumu na baadhi ya dawa za mafua zinaweza kufanya hivyo pia, kwa hiyo taja kila unachomeza.

Halafu kuna kafeini. Kwa mtu mzima mwenye afya kiwango cha juu ni takriban miligramu 400 kwa siku, na kwa mjamzito 200, lakini mwenye wasiwasi anaweza kusumbuliwa na kiasi kidogo zaidi. Nusu yake huchukua kama saa 5 kutoka mwilini. Kahawa ya saa 10 jioni, nusu bado imo saa 3 usiku. Ukiamua kuacha, punguza kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili. Kuacha ghafla huleta maumivu ya kichwa, na wengi hurudia kikombe siku ya pili.

Pombe hutuliza kwa saa chache, kisha inapokwisha mwilini wasiwasi hurudi ukiwa mkali zaidi, mara nyingi alfajiri.

Mawazo hayakatiki kutwa nzima. Nifanyeje?

Kuyafukuza hakusaidii. Njia inayofundishwa sana kwenye tiba ya kuzungumza ni kuyatengea muda: dakika 20 kila siku, saa ileile, mahali palepale, na isiwe kitandani wala saa mbili za mwisho kabla ya kulala. Wazo likikujia mchana, andika mstari mmoja, endelea na kazi. Muda ukifika, soma kila mstari na ujiulize: kuna ninachoweza kufanya wiki hii?

Hapo ndipo watu hukwama, kwa sababu huandika mambo makubwa yasiyoshikika. Chukua mstari kama "nimechelewa maishani." Huwezi kuufanyia kitu. Uulize: nimechelewa kufanya nini, na nani aliyepanga tarehe? Pengine utabaki na "sina akiba, nina madeni." Hilo nalo bado ni pana. Liandike hivi: "Jumamosi saa 4 asubuhi, karatasi moja, nani ananidai, kiasi gani, tarehe gani." Sasa una kazi ya nusu saa. Na mstari ambao hauna la kufanya, kwa mfano "je, nikibaki peke yangu?", usiutafutie jibu. Uandike ulivyo, muda ukiisha funga daftari.

Siku za mwanzo mawazo huweza kuongezeka, na wengi huacha hapo. Jipe wiki mbili kabla ya kuamua kama inafaa.

Tahadhari moja kubwa: usiugeuze muda huo kuwa wa kuperuzi mtandaoni au kuuliza marafiki "unaonaje, nimechelewa?" Kuhakikishiwa hutuliza kwa dakika chache, kisha shaka inarudi ikitaka kuhakikishiwa tena. Kufungua kurasa za wenzako ili ulinganishe ni mchezo uleule. Wanaolinda usingizi wao huacha simu chumba kingine usiku.

Naamka saa 9 usiku na silali tena.

Ukihisi kama dakika 20 zimepita ukiwa macho, ondoka kitandani. Usiitazame saa. Kaa kwenye mwanga hafifu, fanya jambo lisilosisimua, rudi usingizi ukikuelemea. Amka saa ileile kila siku, hata mwishoni mwa wiki. Kosa la kawaida ni kulala mapema sana ili kufidia: unaongeza saa za kugaagaa tu.

Hofu ikinishika ghafla?

Shambulio la hofu hufikia kilele ndani ya dakika chache, kwa kawaida 10 au pungufu, kisha hushuka. Ganzi ya vidole na kizunguzungu hutokana na kupumua haraka, maana hewa ya kaboni dioksidi hupungua kwenye damu. Kwa hiyo usivute pumzi kubwa kubwa. Vuta kwa puani ukihesabu hadi 4, toa taratibu ukihesabu hadi 6, kwa dakika 5. Jizoeze ukiwa umetulia. Maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi au tayani, au kuzimia, hayo ni ya kwenda hospitali mara moja.

Je, ni kweli uzazi hufifia baada ya 30?

Hakuna ukuta kwenye 30. Kwa wenzi wenye afya, mwanamke wa miaka ya 20 hadi mwanzoni mwa miaka ya 30 ana nafasi ya takriban 1 kati ya 4 ya kushika mimba kila mwezi. Hushuka polepole, kisha kwa kasi zaidi katikati ya miaka ya 30, na akifika 40 ni kama 1 kati ya 10. Chini ya miaka 35, muone daktari baada ya miezi 12 ya kujaribu bila kinga. Ukiwa na 35 au zaidi, miezi 6. Mwanamume apimwe tangu mwanzo. Kipimo cha AMH (homoni inayokadiria mayai yaliyobaki), ambacho wengi hukimbilia kwa hofu, hakitabiri kama utashika mimba kwa njia ya kawaida.

Kwa wanawake, 30 ina jambo moja la maana kweli: Shirika la Afya Duniani linapendekeza kuanza uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi kwa kipimo cha HPV (virusi vinavyosababisha saratani hiyo), kisha kila miaka 5 hadi 10. Wanaoishi na VVU huanza wakiwa na 25.

Tiba ikoje?

Tiba ya kuzungumza inayolenga fikra na matendo kwa kawaida huwa vikao 12 hadi 16, mara moja kwa wiki, na kazi ya nyumbani kati ya vikao. Asiyeifanya hapati mengi. Dawa za kundi la SSRI, zinazotumika kwa wasiwasi na sonona, huchukua wiki 2 hadi 6 kuonyesha nafuu, na wiki ya kwanza zinaweza kuongeza wasiwasi kidogo. Usiziache ghafla. Vidonge vya kutuliza kama diazepam si vya kutumia muda mrefu, kwani mwili huvizoea. Mazoezi yana nafasi yake: dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa kasi, hata ukizigawa 30 kwa siku tano.

Rafiki yangu anasema hana sababu ya kuifikia 30.

Muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Akisema ndiyo, muulize kama amepanga vipi na kama ana cha kutumia. Usimwache peke yake, ondoa dawa na vitu vya hatari karibu naye, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Akikuomba iwe siri, mwambie hutaweza kuitunza hiyo.