Nyimbo zinazojulikana ndani ya filamu si uvivu

Tangu Moulin Rouge! ya Baz Luhrmann itoke mwaka 2001, wapo watazamaji wanaoshikilia kwamba kuijaza filamu ya muziki nyimbo zilizokwisha kuvuma ni uvivu, tena ni uharibifu wa waongozaji wa siku hizi.

Si kweli. Singin' in the Rain ya 1952, inayosifiwa mpaka leo, ilijengwa kwa nyimbo za zamani. Hata ule uliobeba jina lake ulishasikika kwenye filamu ya 1929. Na huko London, mwaka 1728, mwandishi wa tamthilia John Gay alichukua tuni zilizokuwa midomoni mwa watu akazitilia maneno mapya jukwaani.

Kuhusu uvivu, sikiliza "Roxanne". Bendi ya The Police iliutoa mwaka 1978 ukiwa wimbo wa roki. Kwa Luhrmann umegeuka muziki wa dansi ya tango: fidla inalia, sauti nzito ya kiume inakwaruza, wachezaji wanakanyaga sakafu kwa kishindo, na wivu wa kijana anayempenda Satine, mhusika mkuu wa kike, unapanda hadi unamkaba koo. Kwangu hicho ndicho kipande bora cha filamu nzima. Anayechoshwa na picha zinazokatwa harakaharaka ana hoja ya kujadiliwa, ila hiyo ni kasoro ya uhariri, si ya nyimbo.