Je, wajua kwa nini sonona na ulevi huwaandama zaidi wapenzi wa jinsia moja?

Swali hili mara nyingi huulizwa kwa nia ya kuhukumu: kama kumpenda mtu wa jinsia yako si ugonjwa, mbona tafiti za nchi mbalimbali hukuta sonona na uraibu zaidi kwa watu hawa? Wengi wao hawana uraibu wowote. Lakini tofauti ipo, nayo inastahili jibu la kweli.

Zamani jibu lilikuwa jepesi: mapenzi yenyewe ndiyo maradhi. Chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliyaondoa kwenye orodha yake ya magonjwa mwaka 1973, na Shirika la Afya Duniani likafuata tarehe 17 Mei 1990. Bado ilibaki kueleza maumivu yanatoka wapi.

Marekani ikajikuta imefanya jaribio bila kukusudia. Mwaka 2001 na 2002 maelfu ya watu walihojiwa kuhusu pombe na afya ya akili, kisha walewale wakahojiwa tena 2004 na 2005. Katika chaguzi za kipindi hicho cha pili, majimbo 16 yalipitisha marufuku ya ndoa za jinsia moja katika katiba zao. Mtafiti Mark Hatzenbuehler na wenzake walichambua majibu ya watu 34,653, na matokeo yakatoka mwaka 2010. Kwa wapenzi wa jinsia moja na wa jinsia zote mbili walioishi kwenye majimbo hayo, matatizo ya ulevi yalipanda kwa asilimia 41.9, sonona na maradhi ya jamii yake asilimia 36.6, na wasiwasi uliopitiliza asilimia 248.2. Kwa wenzao wa majimbo mengine hapakuwa na ongezeko la maana. Majirani zao wanaopenda jinsia tofauti, waliokaa chini ya katiba ileile, nao hawakupata ongezeko la kiasi hicho.

Mimi takwimu hizi zilininyamazisha. Watu ni walewale, miili ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba majirani walipanga foleni kupigia kura mapenzi yao.

Mtafiti Ilan Meyer alilifafanua jambo hili mwaka 2003. Juu ya shida za kila mtu, za kodi ya nyumba na kazi, hawa hubeba mzigo wa ziada: kubaguliwa, kukaa macho ukisubiri kubaguliwa, kujificha, na mwishowe kuyaamini matusi. Kujificha kunachosha kuliko tunavyodhani. Kiswahili kina huruma kidogo hapa, maana "mpenzi wangu" na "yeye" havitaji jinsia. Lakini swali la pili halikawii: "Anaitwa nani?" Mtu hubuni jina, kisha inambidi alikumbuke hadi mwakani.

Na kwa nini pombe hasa? Kwa miongo mingi, katika miji ya Marekani, baa ilikuwa karibu mahali pekee pa kukutana. Hata ghasia za Juni 1969 jijini New York, zilizoamsha harakati za haki zao, zilianzia kwenye baa, Stonewall Inn. Mtu wa namna hiyo ukimwambia aache pombe, umemwambia pia awaache watu pekee wanaomjua.

Nyumbani nako kuna uzito wake. Utafiti wa Caitlin Ryan wa San Francisco, wa mwaka 2009, ulikuta kwamba vijana waliokataliwa vikali na familia zao walikuwa na uwezekano wa mara 3.4 zaidi wa kutumia dawa za kulevya, na mara 8.4 zaidi wa kuwahi kujaribu kujiua, kuliko wale ambao hawakukataliwa au walikataliwa kidogo tu.

Kwetu, sheria huongeza kufuli lingine. Kenya, kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachoharamisha ngono "kinyume na maumbile", kinabeba kifungo cha hadi miaka 14, na tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta. Sasa fikiria tiba ya uraibu, ambayo msingi wake ni kusema ukweli. Mshauri anauliza, "Nini kilikurudisha kwenye chupa?" Ukweli ni kwamba ameachwa na mwanamume aliyempenda miaka sita. Anajibu kwamba amefukuzwa kazi, na anatibiwa kwa msiba usio wake. Mshauri anayeuliza habari za "mwenzi wako" badala ya "mkeo" hajavunja sheria yoyote, na mgonjwa husikia tofauti hiyo papo hapo.