Kuzuru Banda, visiwa vilivyoharibiwa na kungumanga

Asili ya kungumanga tunayoikuna kwenye uji, pamoja na basibasi, ule utando mwekundu unaoikumbatia mbegu, ni Visiwa vya Banda, mashariki mwa Indonesia. Ni visiwa vidogo kumi hivi, vilivyozaliwa na volkano katika bahari yenye kina kirefu. Hadi mwishoni mwa karne ya 18, karibu kungumanga yote iliyouzwa duniani ilitoka hapo. Wajava na Waarabu walikuwa wakiifanyia biashara kabla Wareno hawajatia nanga mwaka 1512.

Msafiri huruka hadi mji wa Ambon, kisha hupanda boti ya kasi kutoka bandari ya Tulehu, safari ya saa tano au sita, au meli ya Pelni, kampuni ya meli ya serikali, ambayo hujikokota. Bahari ikichafuka boti haziondoki, hasa katikati ya mwaka, kwa hiyo weka siku za akiba. Machi na Aprili, au Septemba hadi Novemba, kwa kawaida huwa shwari. Badilisha fedha ungali Ambon.

Wengi wakifika Neira, kisiwa chenye mji mkuu wa Banda, hukimbilia ngome ya Belgica ya mwaka 1611. Imekarabatiwa vizuri, pengine vizuri mno: ukisimama juu yake ukaona bahari na mlima ng'ambo, ni rahisi kusahau ilijengwa kumlinda nani dhidi ya nani. Mimi ningeanzia Parigi Rante, kisima chenye ukumbusho wa wazee 44. Mwaka 1621 Jan Pieterszoon Coen, gavana mkuu wa kampuni ya Kiholanzi ya VOC, alivamia Lonthoir, kisiwa kikubwa kuliko vyote. Wabanda waliendelea kuwauzia Waingereza na wengineo kungumanga, ilhali Waholanzi walishikilia mikataba iliyowapa wao peke yao haki ya kununua. Wazee hao walikatwa vichwa na mamluki wa Kijapani. Wakazi waliokadiriwa kuwa 15,000 wakapukutika kwa vita, njaa na kupelekwa Batavia (Jakarta ya leo), wakabaki elfu moja hivi. Ardhi ikakatwa mashamba 68 wakapewa Wazungu, na watumwa wakaletwa kuyalima. Waliotoroka walifika Visiwa vya Kei. Huko, katika kijiji cha Banda Eli, wazao wao bado wanazungumza Kibanda, lugha ambayo imezimika Banda kwenyewe.

Utaambiwa pia kwamba kisiwa cha Run, kimojawapo cha Banda, kilibadilishwa na Manhattan, kisiwa cha New York ya leo. Hadithi hiyo inauza safari, lakini ukweli wake ni mkavu zaidi: mkataba wa Breda wa mwaka 1667 uliacha kila upande na ulichokuwa umekishika. Uholanzi ikabaki na Run, Uingereza na Manhattan.

Mlima Gunung Api una urefu wa mita 640 hivi na bado uko hai. Ulilipuka mwaka 1988. Kabla ya kupanda, uliza kwanza hali yake, chukua kiongozi, na anza alfajiri, kwa sababu njia ni kokoto zinazoporomoka na kivuli hakuna. Ajabu iko chini ya maji: mahali ambapo lava ya mwaka 1988 iliteketeza matumbawe, mengine yaliota upya kwa kasi iliyowashangaza wanasayansi.

Usiondoke bila kuingia mashambani Lonthoir. Mikungumanga hukua chini ya vivuli vya mikenari mirefu, miti inayozaa njugu kama lozi, na wakulima huangua matunda kwa ufito mrefu wenye kikapu mwishoni. Nyama ya tunda, ambayo kwingine hutupwa, huko hutengenezwa jamu na peremende. Nunua kwa mkulima mwenyewe. Chukua iliyokauka, na uulize masharti ya karantini ya mimea ya nchi yako kabla ya kufunga begi, kwani mbegu mbichi zinaweza kuzuiwa uwanja wa ndege.