Tarbia ndani ya jazi

Mwimbaji ni binti wa Mkomani, hapa Lamu. Wimbo ameutunga, ameurekodi na kuuchanganya mwenyewe chumbani kwao, kisha akanitumia kwa simu: “Shikamoo mwalimu, niambie kilichozidi.” Mimi ni fundi wa kuchanganya sauti, kwa hiyo nilikaa tayari kuwinda milio ya punda na mashine za boti. Badala yake nikajikuta nahesabu mizani, yaani silabi za shairi.

Jazi ya kuimba hupenda umbo la vipimo 32 (hapa kila kipimo ni mapigo manne), yaani vifungu vinne vya vipimo 8. Viwili vya mwanzo vina lahani (tuni) moja, cha tatu kinahama, cha nne kinarudi. Tarbia nayo ina mishororo minne ya mizani 16, nane ukwapi (nusu ya kwanza) na nane utao (nusu ya pili). Utadhani vimeumbiwa kuoana, lakini vinapishana mahali pa kugeukia: jazi hugeuka kwenye kifungu cha tatu, shairi hugeuza kina kwenye mshororo wa nne.

Yeye hakukata ubeti wala kulazimisha kina kipya mapema. Mshororo wa tatu unapoingia, gitaa linahamia kwenye kodi (noti zinazopigwa pamoja) za mbali huku vina vikibaki vilevile, na sikio linavishikilia ili lisipotee. Kisha kinakuja kibwagizo, yaani mshororo wa nne: lahani imesharudi, kina ndicho kimegeuka. Kinachorudi na kinachoondoka vinapishana mlangoni. Nimeurudia mpito huo mara nyingi kuliko inavyofaa kwa mtu mwenye kazi za watu mezani.

Mwendo ni mapigo 64 kwa dakika, hivyo ubeti mmoja unakula dakika 2 kamili, na kila kipande cha mizani nane kina mapigo 16 ya kujinafasi. Nafasi hiyo anaitumia kwa uvivu mzuri. Anaimba nyuma ya pigo, jambo ambalo Billie Holiday, mwimbaji wa jazi wa Marekani, alilijua sana. Silabi yenye mkazo anaivuta mpaka pigo la ngoma ya dumbaki liwe limeshapita. Kuna noti moja iko chini kidogo. Akithubutu kuinyoosha kwa programu nitamnyang'anya kompyuta.

Maikrofoni ipo karibu na mdomo, kama shubiri moja. Maikrofoni ya kuelekeza upande mmoja hukuza sauti nzito ukiisogelea, na ndiyo sababu sauti yake nyembamba ina kifua. Pumzi zinasikika. Sawa kabisa.

Kilichozidi ni besi. Vyumba vya nyumba za kale za mawe hufuata urefu wa boriti za mikoko, kwa hiyo ni vyembamba. Chake kina upana wa mita 2.8, na kuta mbili zilizo mbali hivyo hukuza mvumo wa karibu hezi 62 (mitetemo 62 kwa sekunde), jirani kabisa na noti B ya chini ya gitaa la besi la nyuzi nne. Zidaka za ukutani, vile vishubaka vya kuwekea vitu, husaidia kutawanya sauti nyembamba. Mvumo mzito hauzijali. Kila besi inapogusa B, chumba chote kinaitikia. Nimemwambia apunguze desibeli 4 hapohapo tu, asiguse pengine, na mara nyingine asogeze spika ya besi mbali na kona. Ukiusikiliza kwa spika ya simu hutausikia mvumo huo, wala nusu ya gitaa lenyewe. Vaa hedifoni.