Kompyuta "imehang" maana yake nini hasa, na kwa nini skrini nayo yapotea

Huku Lamu mashine ikiharibika inapanda punda. Sitanii, magari hayaingii kwenye vichochoro vya mjini, kwa hiyo sipiyu, yaani lile kasha la kompyuta, ya mtu wa Mkomani inatiwa kwenye shogi upande mmoja na upande wa pili linatiwa jiwe la kusawazisha uzito, safari mpaka kwa fundi. Maalim mmoja wa chuo alinijia hivyo wakati wa kaskazi, jua la saa nane, kijana anaswaga punda mbele na yeye yuko nyuma na kebo mkononi, tukasalimiana tukaulizana za nyumbani kisha akaniambia, "Imehang mwanangu, halafu ikafa."

Nikamuuliza, "Imehang au imekufa, maalim?"

Akanitazama. "Kwani si mamoja?"

Si mamoja, na hapo ndo watu wengi wanapotea, wanalipia ram mpya, ile memori ya kazi ya kompyuta, na shida ilikuwa kebo ya mia tano. Kuhang, wengine wasema kuganda au kustaki, ni pale kompyuta ina stima, feni inazunguka, taa ya mbele inawaka, lakini haisikii amri yoyote, kipanya hakitembei na saa ya kwenye kona ya skrini imesimama dakika ile ile. Kupoteza picha ni jambo jingine kabisa, mashine ndani inaendelea na kazi zake kama kawaida, kama ulikuwa unasikiliza qaswida itaendelea kulia, ila monita haina cha kukuonyesha. Na kufa ni kufa, feni kimya, taa hakuna. Sasa sisi zote tatu tunaziita "imekufa".

Njia ya kuzitenganisha haina gharama. Skrini ikiwa nyeusi au imeganda, bonyeza Caps Lock kwenye kibodi mara mbili tatu ukiangalia kitaa chake. Kikiwaka na kuzima kila ukibonyeza, mashine iko hai na inakusikia, ni picha tu imepotea. Kisipobadilika, imehang kweli. (Kama kibodi yako haina kitaa, zile za bei rahisi zingine hazina, azima ya jirani.) Mimi mtu akinipigia simu hilo ndo swali langu la kwanza kabla sijamwambia alete kitu, manake kumuita mwenye punda nayo ni pesa.

Kwa nini inaganda? Prosesa, ile akili ya kompyuta, haijachoka, wala kompyuta "haijajaa" kama watu wanavyopenda kusema. Mara nyingi inangojea kitu ambacho hakiji. Wenye kukaa Lamu wameiona hii kwa macho, punda wawili wamebeba mawe ya matumbawe wakutane kwenye kichochoro chembamba, huyu hawezi kurudi nyuma na yule hawezi kupita, na nyuma yao watu wamesimama, mwenye mkokoteni, mtoto wa mahamri, wote wazima wa afya lakini hakuna anayesogea. Programu hufanya hivyo hivyo, hii imeshika kitu inachotaka ile na ile imeshika kinachotakiwa na hii. Ikiwa ni programu moja tu utaifunga na maisha yataendelea. Ikiwa ni draiva, yaani ile programu ndogo inayosema na kifaa, basi mji mzima unasimama.

Aina nyingine ya kungojea ni hadidiski mbovu, ile diski ya kuhifadhia mafaili. Hiyo ina dalili yake, kipanya kinatembea lakini ukibonyeza kitu hakifunguki, na kile kitaa cha diski kinawaka moja kwa moja bila kupepesa, prosesa imeomba faili na diski inalisoma lile eneo bovu mara ya kumi. Hapo usianze kurestati restati, toa mafaili yako kwanza. Kuna mafundi wenzangu, Mungu awasamehe, kila ugonjwa dawa yao ni kupiga Windows upya, mtu anarudishiwa mashine nyepesi kama upepo lakini picha za harusi ya dadake hakuna.

Haya, tuje kwenye skrini, hapa ndo penye utamu. Kompyuta ikihang kawaida, picha hubaki. Umewahi kujiuliza kwa nini? Manake picha unayoiona haitoki kwa prosesa moja kwa moja, imehifadhiwa kwenye memori ya grafiksi, ile sehemu inayochora picha, na grafiksi yenyewe ndo inaituma kwenye monita, kwa monita nyingi ni mara 60 kwa sekunde, hata kama prosesa imelala itaendelea kutuma ile ile ya mwisho. Kwa hiyo imehang na picha ipo, shuku programu, draiva, diski. Imehang na picha nayo imepotea, basi kilichoanguka ni kile chenye kutuma, au kitu ambacho prosesa na grafiksi wanakula kwenye sahani moja. Sahani hiyo ni ama stima, ama ram.

Ram kwa nini? Kwa sababu desktopu nyingi tunazotumia huku ni zile ex-UK zilizotoka maofisini, hazina grafiksi kadi ya kuchomeka, grafiksi iko ndani ya prosesa au kwenye madabodi, ile bodi kuu, na inakopa sehemu ya ram kuwekea picha. Ram ikiyumba, vyote vinazama pamoja. Na ram za pwani zinayumba, wallahi, kwa sababu ya hewa yetu. Unyevu una chumvi, ukikaa miaka miwili mitatu meno ya ram yanapoteza ule mng'aro wa dhahabu, yanafifia, saa zingine waona kama ukungu. Dawa yake ni ya kizamani lakini inafanya kazi, unazima, unachomoa waya wa ukutani, unabonyeza swichi ya kuwashia ukiihesabia mpaka kumi ili umeme uliobaki utoke, unashika chuma cha kasha, kisha unachomoa ram na kuyasugua meno taratibu kwa rababu nyeupe ya mwanafunzi, pande zote mbili, unapangusa vumbi la rababu na kuirudisha mpaka usikie klik ya vishikio. Kama ziko mbili washa na moja moja. Nyumba za Malindi karibu na ufuo ni kisa kile kile, labda huku kwetu tumezidi kidogo.

Stima nayo ina visa. Powasaplai inapokea voti 240 za ukutani na kutoa 12, 5 na 3.3, na ile ya 12 inatakiwa isishuke chini ya 11.4. Kapasita zake, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme, zikizeeka, au stima ikipotea na kurudi kwa kishindo mara nyingi, inaweza kutoa voltiji nzuri mashine ikiwa haina kazi na kushindwa ukifungua video. Feni haijali, feni itazunguka hata voltiji ikipungua, ndo mana watu wanasema "lakini ina moto, yazunguka". Kuzunguka kwa feni hakuthibitishi chochote. Na tafadhali usiifungue powasaplai, hata ikiwa imechomolewa kapasita zinahifadhi umeme wa kukutupa chini. Ichungulie kwa tochi kupitia matundu tu, ukiona kapasita imevimba kichwa, umepata jibu.

Joto watu wanalilaumu sana, mimi silikatai lakini lina tabia zake. Prosesa ikifika digrii 90 hadi 100 kwanza inajipunguza mwendo yenyewe, ikizidi inazima kabisa, puu, haigandi gandi. Grafiksi kadi ya kuchomeka ikipata joto ndo yaweza kukata picha na feni zikaunguruma kama boti ya Mokowe. Vumbi lipulizwe, na themo pesti, ile dawa ya katikati ya prosesa na chuma chake, ikiwa imekauka kama chokaa ibadilishwe, hilo halina mjadala.

Kuhusu draiva kuna kitu kizuri. Tangu Windows Vista, grafiksi isipojibu ndani ya sekunde 2 Windows inaiua draiva na kuiwasha tena, ndo ile skrini kupepesa nyeusi mara moja kisha kurudi. Ikitokea mara moja kwa mwezi achana nayo, ikitokea kila siku jua kuna kitu. Na kwenye Windows 10 na 11 waweza kuilazimisha mwenyewe, bonyeza Ctrl, Shift, kitufe cha Windows na B kwa pamoja, utasikia mlio mdogo na picha yaweza kurudi bila kupoteza kazi yako. Ukiingia Event Viewer, daftari la matukio la Windows, ukakuta Kernel-Power 41 usikimbilie kununua powasaplai, maana yake ni kwamba mashine ilizima bila kuaga tu, hata wewe ukichomoa waya itaandika hivyo hivyo.

Na kabla ya yote hayo, angalia monita. Ikiandika kuwa hakuna signali, monita ni nzima, haipati kitu. Ikiwa giza kabisa, mulika tochi kwa upande, ukiona picha hafifu kwa mbali basi ni taa zake za nyuma zimekwenda.

Ya maalim tuliiwasha, Caps Lock ikajibu. Dakika 20 hivi ikawa sawa tu, tukanywa kahawa. Nikafungua video mbili, picha ikapotea, Caps Lock ikanyamaza, feni inazunguka kwa raha zake. Nikasugua ram, ikarudia. Nikaweka mita kwenye waya wa manjano, ule wa voti 12, na mweusi, ikasoma 12.1, nikafungua zile video tena nikiiangalia, 11.8, 11.3, 10.9, giza. Nikamchomekea powasaplai nyingine, na mpaka adhana ya alasiri haikutetereka.

"Haikufa kumbe," maalim akasema.

"Haikufa. Ilikuwa na njaa. Nyumbani unaiweka wapi?"

Chini ya dirisha linaloangalia bahari, akasema. Nikamwambia aisogeze ndani, ule upepo una chumvi, na vumbi lake nililitoa kiganja kizima. Akacheka akatikisa kichwa, ati dirisha lile ndo pekee lenye upepo na yeye wakati wa kaskazi hawezi kukaa kwengine. Kijana akaitia kwenye shogi, wakaondoka.